Franck au Brahms: sonata ipi ya mzunguko uanze nayo?

Mwombe mwalimu wa fidla akutajie sonata ambayo sehemu zake zote ni za damu moja, na mara nyingi jibu litakuwa César Franck, A meja, 1886. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, wapo wapigaji na wasikilizaji ambao sonata hiyo haiwafai kama kazi ya kuanzia, na kwao ipo nyingine iliyokamilika miaka 7 kabla yake: sonata ya kwanza ya Johannes Brahms kwa fidla na piano, Op. 78 (yaani namba 78 katika orodha ya kazi zake), G meja. Zote mbili huchukua takriban dakika 27 hadi 30, zote mbili hurudisha mawazo ya sehemu moja ndani ya nyingine, na zote mbili ziliandikwa kwa kuwapenda watu waliokuwa hai na waliojulikana kwa majina. Ila njia zao zimepishana mno. Anayechagua bila kulijua hilo anaweza kukaa na nota miezi mingi, kisha akagundua kwamba alichokuwa akikitafuta kiko kwenye ile nyingine.

Nitazilinganisha hizo mbili kwa kirefu, halafu nimguse Claude Debussy, na kwa ufupi zaidi Guillaume Lekeu na Camille Saint-Saëns.

Wazo linaporudi

Kwa kawaida sonata huwa na sehemu tatu au nne, kila moja na tuni zake, mwendo wake na kii yake, yaani noti ya nyumbani (A, G, D) pamoja na sura yake, meja yenye mwanga au maina yenye kiza. Sehemu ikiisha, tuni zake nazo zimekwisha. Katika umbo la mzunguko, wazo la muziki lililosikika mwanzoni hurudi sehemu za mbele, ama waziwazi ama likiwa limevaa sura nyingine. Mbinu hiyo haikuanza na Franck. Katika Simfoni ya Tano ya Beethoven (1808), sehemu ya tatu inachomoza tena katikati ya sehemu ya mwisho. Franz Liszt, ambaye Franck alimfahamu, aliibana sonata yake ya piano ya B maina, iliyokamilika 1853, kuwa mwendo mmoja usiokatika uliojengwa kwa mawazo machache yanayogeuzwageuzwa. Hata Robert Schumann, katika sonata yake ya kwanza ya fidla ya 1851, analikumbusha wazo la mwanzo karibu na kufunga.

Aliyezoea mashairi yetu ana faida hapa. Kibwagizo hurudi mwishoni mwa kila ubeti kwa maneno yaleyale, lakini uzito wake huongezeka kwa sababu ya yaliyosemwa kabla yake. Katika sonata hizi uzito huongezeka vivyo hivyo, isipokuwa hapa hata maneno ya kibwagizo yana ruhusa ya kubadilika. Basi ukisikia wazo limerudi, jiulize limerudi kufanya nini. Swali hilo ndilo linalowatenganisha Franck na Brahms.

Franck: kila kitu kinatoka kwenye noti mbili

Mwaka 1886 Franck alikuwa na miaka 63. Alizaliwa Liège, akaishi Paris, na kwa muda mrefu alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Sainte-Clotilde. Sonata hii aliitoa kama zawadi ya harusi kwa mpiga fidla Eugène Ysaÿe, naye mzaliwa wa Liège, aliyekuwa na miaka 28. Ysaÿe alikabidhiwa nota siku yenyewe ya harusi, Septemba, akafanya mazoezi ya haraka na mpiga piano Léontine Bordes-Pène, na wakawapigia wageni.

Fungua nota na utazame mwanzo. Piano inaingia peke yake kwa vipimo vinne (vigawanyo vya mdundo), kwa sauti ya chini, na akodi, noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinazoning'inia bila kutua. Sikio linasubiri zifike nyumbani, hazifiki. Ndipo fidla inapoingia na tuni inayopanda kisha kushuka katika umbali wa theluthi, ule ule wa kutoka do hadi mi, kama inayumbayumba. Theluthi hiyo ndiyo mbegu ya sonata nzima. Ukiishika sikioni, utaikuta ndani ya sehemu ya pili yenye ghadhabu, utaikuta mwanzoni mwa sehemu ya tatu pale piano inapouliza na fidla kujibu peke yake, na utaisikia ikipita chini ya furaha ya sehemu ya nne.

Katika sehemu ya kwanza kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hulipita. Zipo tuni mbili kubwa. Ile ya kwanza ni ya fidla. Ile ya pili, yenye shauku zaidi, inapigwa na piano tu, na wakati huo fidla inanyamaza. Hawabadilishani. Wawili hawa wako chumba kimoja, kila mmoja ana lake la kusema, na hakuna anayeyachukua maneno ya mwenzake. Katika zawadi ya harusi, mimi silioni hilo kuwa bahati nasibu, kwa sababu ukingoja hadi sehemu ya nne utakuta kinyume chake: kanoni. Piano inaanza tuni nyeupe ya A meja, na kipimo kimoja baadaye fidla inaifuata noti kwa noti. Baadaye wanabadilishana nafasi. Watu wawili waliokuwa wakipishana sasa wanasema maneno yaleyale, mmoja nyuma ya mwenzake kwa hatua moja.

Kati ya miisho hiyo miwili kuna safari ndefu. Sehemu ya pili, D maina, inaanzia chini kabisa ya piano kwa noti za kasi zinazochemka. Watu wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza hudhani hapo ndipo sonata inapoanza kweli. Sehemu ya tatu Franck aliiita Recitativo-Fantasia, na ni jina la haki: haifuati umbo lolote la kawaida, inakumbuka yaliyopita, inasita, kisha inazaa tuni mbili mpya. Hizo mbili ndizo zinazoivamia sehemu ya mwisho. Katikati ya kanoni tulivu, ile tuni ya huzuni ya sehemu ya tatu inarudi kwa nguvu zote, na wakati huu haiombi tena. Kwa Franck, wazo linarudi ili ushinde mambo yaliyokushinda mwanzo. Unakwenda mbele daima, na kila unachokumbuka ni daraja la kuvukia.

Onyesho lake la kwanza mbele ya umma lilifanyika Desemba 1886 mjini Brussels, katika jumba la makumbusho ya picha ambako taa hazikuruhusiwa kwa ajili ya kulinda picha. Sonata ilikuwa mwisho wa programu na jua lilishazama. Kwa maelezo ya Vincent d'Indy, mwanafunzi wa Franck, baada ya sehemu ya kwanza wapigaji hawakuweza tena kusoma nota, nao wakazipiga sehemu tatu zilizobaki kwa kichwa, gizani. Hadithi hiyo husimuliwa kama kioja, lakini inaeleza kitu kuhusu sonata yenyewe. Muziki ambao kila sehemu inazaliwa na iliyotangulia hukaa kichwani kirahisi zaidi, kwani ukikumbuka mbegu, mengine yanafuatana.

Brahms: siri inafichuliwa mwisho

Brahms aliandika sonata yake majira ya joto ya 1878 na 1879 huko Pörtschach, kijiji cha Austria kando ya ziwa Wörthersee. Kuielewa kunahitaji kujua mambo mawili.

La kwanza ni wimbo. Mwaka 1873 Brahms alitunga nyimbo mbili za mvua kwa mashairi ya Klaus Groth, zikatoka katika Op. 59 zikiwa namba 3 na namba 4. Zinatumia tuni moja. Ule wa kwanza unaiomba mvua inyeshe na kumrudishia msemaji ndoto za utotoni. Clara Schumann, mpiga piano, mjane wa Robert na rafiki wa karibu wa Brahms, aliupenda sana.

La pili ni kifo. Felix Schumann, mwana wa mwisho wa Clara na mtoto wa ubatizo wa Brahms, alikuwa mshairi na mpiga fidla. Alifariki kwa kifua kikuu Februari 1879 akiwa na miaka 24. Katika majuma hayo ya mwisho Brahms alimwandikia Clara barua akiwa ameandika juu yake vipimo vya mwanzo vya sehemu ya pili, ile ya polepole, ili muziki useme alichokuwa nacho moyoni juu yake na juu ya Felix.

Sasa sikiliza. Sehemu ya kwanza inaanza na piano ikipiga akodi laini za G meja, na fidla inaingia kwa noti ileile mara tatu: D, D, D, kwa mdundo wa ndefu-fupi-ndefu. Ni kitu kidogo mno. Hakuna anayekisikia kama tangazo. Kinapita kama pumzi ya kuanzia kusema. Mdundo huo unajitokeza hapa na pale katika sehemu ya kwanza, na katikati ya sehemu ya pili, E-flati meja, unakuwa mzito, wa kutembea na jeneza. Bado msikilizaji hajaambiwa ni wa nini.

Ndipo sehemu ya tatu inafunguka kwa G maina. Fidla inapiga zile D tatu, ila safari hii zinaendelea kuwa wimbo mzima, na chini yake piano inadondosha noti za haraka zisizokoma. Ni wimbo wa mvua wa 1873, tuni yake pamoja na matone yake. Msikilizaji anatambua kwamba tangu kipimo cha kwanza kabisa alikuwa akisikia mwanzo wa wimbo huu. Na kabla hajatulia, ile tuni ya sehemu ya pili, ya barua ya Felix, inarudi ndani ya mvua katika kii yake ya E-flati. Hapo ndipo mambo mawili ya Clara yanapokutana: wimbo alioupenda na mtoto aliyempoteza. Sonata inarudi G meja kuelekea mwisho, na inakwisha kwa utulivu bila kishindo chochote.

Clara alipoipata nota alimjibu kwa furaha kubwa kwamba ameukuta wimbo wake katika sehemu ya tatu, na baadaye akaandika kwamba angetamani sehemu hiyo imsindikize kwenda ng'ambo ya maisha haya.

Kwa Brahms, basi, wazo linarudi ili kukuambia ulikotoka. Mwisho unabadilisha mwanzo, na ndiyo maana sonata hii haijulikani vizuri mpaka uisikilize mara ya pili. Mara ya kwanza zile D tatu ni noti tatu. Mara ya pili unajua zinakokwenda, na huwezi tena kuzisikia kama zamani.

Ukiwa msikilizaji

Kama hujawahi kufuatilia umbo la mzunguko kwa sikio, chagua Franck. Mawazo yake yanarudi kwa sauti, kwa sura zinazotambulika, na mwisho wake unakulipa papo hapo. Hata asiyejua kusoma noti atajua kwamba kitu alichokisikia dakika 15 zilizopita kimerudi kikiwa kimebadilika.

Kama tayari unasikiliza muziki wa aina hii na unataka kazi ya kuishi nayo, ninampa Brahms bila kusita. Franck hukupa karibu kila kitu kwenye usikilizaji wa kwanza na wa pili, na baada ya hapo unarudi kwa ajili ya uzuri unaoujua. Brahms anaendelea kutoa. Nashauri usiusikilize wimbo wa mvua kabla ya sonata. Sikiliza sonata, kisha wimbo, kisha sonata tena. Ukianza na wimbo unajinyima ule ugunduzi ambao Brahms aliupanga uufikie baada ya dakika 18 au 20.

Kwa rekodi, David Oistrakh na Sviatoslav Richter walipiga Franck mbele ya hadhira Moscow mwaka 1968, na sijui rekodi inayoifanya sehemu ya pili itishe kama ile. Jacques Thibaud na Alfred Cortot, 1929, wana sauti ya zamani yenye mikwaruzo, lakini wanaipiga kama lugha ya nyumbani. Kwa Brahms, Josef Suk na Julius Katchen, 1967: hawaongezi chumvi, na zile D tatu za mwanzo wanaziacha zipite bila kuzipigia mstari, jambo ambalo wapigaji wengi hawaliwezi.

Ukiwa mpigaji

Hapa uamuzi wa kwanza si wa mpiga fidla. Mtazame mpiga piano wako. Sehemu ya piano ya Franck ni miongoni mwa ngumu kabisa katika muziki wa vyumba, ule wa wapigaji wachache: akodi pana zinazotaka kiganja kikubwa, mirukaruko, na sehemu ya pili inayohitaji nguvu za mtu anayepiga tamasha la piano na okestra. Fidla, kwa kulinganisha, ina kazi nafuu. Kama mwenzako ni mpiga piano mzuri wa kawaida, mwenye mikono midogo, au piano mliyonayo ni ya kusimama ukutani yenye nyuzi nzito zilizochoka, Franck atawatesa, na mateso yatasikika ukumbini.

Brahms anagawa kazi kwa usawa zaidi. Hakuna ukurasa utakaomtia hofu mpiga fidla aliyefika kiwango cha juu cha masomo. Ugumu wake umejificha kwenye upinde: sentensi ndefu kwa sauti ya chini, ambapo kila kutetereka kwa mkono wa kulia kunasikika. Mpiga piano naye lazima awe na subira ya kupiga nyuma ya fidla bila kufifia, hasa katika matone ya sehemu ya tatu, ambayo yakipigwa kwa nguvu yanakuwa mvua ya mawe.

Ukiwa mwanafunzi unayejiandaa kwa mtihani au kuomba nafasi ya chuo, Franck huonyesha uwezo wako haraka na huwaamsha wasikilizaji. Sehemu ya kwanza na ya nne unaweza kuzipiga peke yake bila kuonekana umekata kitu, ingawa mzunguko unapotea. Brahms ukimkata anabaki mzuri, lakini sehemu yake ya tatu ikipigwa bila ya kwanza ni kama jibu lisilo na swali.

Jambo moja kuhusu mwendo. Franck alikusudia sehemu ya kwanza iende polepole zaidi. Ysaÿe aliipiga kwa kasi kidogo, Franck akakubali, na nota ikachapwa Allegretto ben moderato. Mkiipiga polepole mno inalala na sehemu ya pili inaonekana imetoka kusikojulikana. Ipeni mwendo wa mashua inayosukumwa na maji.

Kama mnataka fupi, au mnataka isiyojulikana

Debussy aliikamilisha sonata yake ya G maina mwaka 1917, mgonjwa wa saratani, vita vikiwa vimepamba moto. Alipanga sonata sita za vyombo mbalimbali. Hii ni ya tatu na ndiyo kazi yake kubwa ya mwisho. Aliipiga mwenyewe na Gaston Poulet jijini Paris Mei 1917, na akafariki Machi 1918. Inachukua kama dakika 13 au 14. Mzunguko wake uko waziwazi na ni mfupi: mwanzoni mwa sehemu ya tatu, tuni iliyofungua sehemu ya kwanza inapita mara moja, kisha inaachwa. Haijengi kitu na haifichui kitu. Mtu amegeuka nyuma mara moja, akaona, akaendelea na safari. Tuni ya sehemu hiyo Debussy mwenyewe aliifananisha na nyoka anayejiuma mkia, kwa jinsi inavyojirudia. Ichagueni kama muda wenu ni mdogo na nyote mna wepesi wa kubadilisha mwendo bila kutazamana. Joseph Szigeti na Béla Bartók waliipiga Washington mwaka 1940, na rekodi hiyo ipo.

Lekeu alikuwa mwanafunzi wa Franck. Sonata yake ya G meja aliombwa na Ysaÿe yuleyule, ikapigwa Brussels Machi 1893, na mtunzi akafariki Januari 1894 kwa homa ya matumbo, siku moja baada ya kutimiza miaka 24. Ni ndefu, ina sehemu ya pili yenye mdundo wa saba juu ya nane unaotiririka kama wimbo wa kijijini, na mbinu za mwalimu wake zinaonekana kila mahali. Ninaipenda kuliko inavyostahili kupendwa, lakini msianze nayo.

Sonata ya kwanza ya Saint-Saëns, D maina, ni ya 1885. Sehemu zake nne zimeunganishwa mbilimbili, na tuni ya pili ya sehemu ya kwanza inarudi ndani ya mbio za kasi za mwisho. Mpiga fidla mwenye vidole vyepesi atafurahi, na mzunguko utawapita wengi bila kuutambua kwa sababu ya kasi hiyo.

Nota za kazi hizi zote ni huru, kwani watunzi wake walikufa zamani, na zinapatikana bila malipo mtandaoni. Na mkifika mahali pa kuweza kuzipiga Franck na Brahms katika onyesho moja, tangulizeni Brahms. Kanoni ya Franck inamalizika kwa sauti kubwa ya furaha na wasikilizaji wanasimama. Baada ya kelele hizo hakuna sikio litakalozipata zile D tatu.